Wapasuaji Wanne wa Sebuleni

Kule mtaa wa Kikula kuna watu wanaosema kwamba mimi sikustaafu, nilifukuzwa kwa sababu ya msiba. Msiba ulikuwepo, sikatai. Lakini kwa kuwa wanaosema hivyo hawajawahi kubadilisha hata ndoo moja ya maji ya chumvi, nimeona niandike mwenyewe, na nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaofanya kazi kwenye nyumba za watu. Siku moja patron wako, yaani bosi, atarudi na tangi la kioo akuambie, "Angalia hawa." Usiseme unawajua kama huwajui. Mimi nilisema, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kabla ya samaki nilifanya kazi kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali moja hapa Likasi. Sikuwa muuguzi. Nilipiga deki, nilichemsha mikasi, nilifua mashuka ambayo sitaki kuyaeleza. Aliyenifundisha kazi ni Maman Marthe, muuguzi mfupi mwenye sauti ya ng'ombe, ambaye hata wapasuaji walimwogopa. Alikuwa na sheria moja: ukiingia kwa mgonjwa, kwanza angalia anapumua namna gani, mengine baadaye. Watu wengine walimletea karatasi, vipimo, malalamiko ya familia. Yeye alisimama mlangoni akitazama kifua cha mgonjwa mpaka aridhike.

Wakati hospitali ilipopunguza wafanyakazi, nikasikia kwamba Patron Kalenga, mwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam, anatafuta mtu. Nikavaa blauzi yangu nyeupe ya hospitali, nikaenda nyumbani kwake. Alinipokea barazani akiwa na kikombe cha chai.

"Weye njo maman wa ku bloc opératoire, kule banapasua batu?"

"Njo minye, patron."

"Bon. Niko na ba chirurgien ine hapa mu nyumba. Natafuta mutu wa kubachunga."

Nikafurahi sana: wapasuaji wanne! Nikajiambia, ama ni madaktari wageni wanaopanga hapa, ama ni ndugu zake kutoka Ulaya. Nikasema, "Ba chirurgien? Minye nabajua muzuri. Nilifanya nabo miaka mingi."

"Banakula mara tatu," akasema. "Majani tu. Nyama inabaharibia tumbo."

"Na banalala mu chambre gani?"

"Bote mu moja. Lakini uangalie, bale babili ba kufanana banapigana kila siku."

"Hata ku hôpital njo vile, patron."

"Na usibashike ku mukia. Batakukata."

Nilikuwa nimeona mengi kwa wapasuaji, lakini mkia sikuwahi kuuona. Patron akamaliza chai, akanipeleka sebuleni. Ukuta mzima ulikuwa maji. Ndani yake samaki wanne bapa kama sahani walikuwa wanazunguka wakinitazama kwa dharau, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwa Kifaransa samaki wa namna hiyo anaitwa mpasuaji, kwa sababu ana kisu kidogo kila upande wa shina la mkia. Baadaye dereva aliyewaleta aliniambia kwamba huko pwani wanawaita kangaja. Laiti Patron angesema hivyo, ningedhani ni machungwa madogo na ningekuja na kikapu.

Ningeweza kusema ukweli wakati ule ule. Lakini nilikuwa na watoto watatu na chumba cha kulipia, na blauzi nilikuwa nimeshaipiga pasi. Nikasema, "Biko muzuri, patron." Naye akaniambia neno moja ambalo lilikaa kichwani mwangu miaka yote kumi na minne: "Maman Georgette, mumoja akikufa, na kazi yako inakufa."

Nikawapa majina siku ile ile ili nisichanganye wagonjwa. Yule wa buluu, mkubwa, mwenye kiburi, nilimwita Médecin Directeur, mganga mkuu. Wawili wenye milia waliokuwa wanapigana niliwaita Chef de Bloc na Adjoint, mkuu wa chumba cha upasuaji na naibu wake, na kwa kweli hakuna jina lililowafaa zaidi. Wa nne alikuwa wa manjano, mdogo, mwenye mdomo wa kubusu. Huyo alikuwa Stagiaire, mwanafunzi wa mazoezi. Miaka ilipita, akanenepa, akawa mpole kwangu kuliko wote, na bado alikuwa Stagiaire. Hospitalini pia ndivyo.

Sasa tuzungumzie maji, kwa sababu samaki ni rahisi, maji ndiyo magumu. Likasi hatuna bahari. Bahari yetu ilikuja kwenye mifuko, chumvi maalumu ambayo unaichanganya na maji yaliyochujwa ndani ya pipa safi, siku moja kabla. Si chumvi ya jikoni. Mpishi alinishauri mara tatu nitumie ile ya jikoni, eti chumvi ni chumvi, nikamwambia basi naye apikie sabuni, mafuta ni mafuta. Unapima kwa kijiti cha kioo kinachoelea, chenye namba kama kipimahoma. Wiki ya kwanza niliona maji yanapungua tangini, nikaongeza maji ya chumvi. Yakapungua tena, nikaongeza tena. Siku ya tano kijiti kilielea juu kama boya, na Médecin Directeur alikuwa ananitazama kwa hasira. Ni maji tu yanayopanda hewani, ndugu zangu, chumvi inabaki. Kinachopungua kwa jua unakirudishia maji matamu. Hili niligundua peke yangu, kwa kukumbuka mchuzi unaosahaulika jikoni.

Chakula chao ni majani ya baharini yaliyokaushwa, ambayo dereva aliyaleta yamefungwa kwa karatasi, na yakiisha nilichemsha kidogo lengalenga, yaani mchicha, au matembele, nikayabana kwenye kioo kwa kibanio cha nguo. Wanang'oa kidogo kidogo kutwa nzima kama mbuzi. Mpasuaji asiyekula majani anakonda kichwani, pembeni mwa macho panabonyea, naye anakuwa mkali. Kuhusu Chef de Bloc na Adjoint, dawa yao ilikuwa kioo cha kujitazamia. Ukikiegesha nje ya tangi, mkorofi anamwona adui mpya na kumsahau wa zamani. Chef de Bloc aligombana na sura yake kuanzia asubuhi hadi saa nane, kisha akaenda kulala akiamini ameshinda.

Kuna msemo kwamba samaki mkunje angali mbichi. Aliyeusema hakuwahi kushika mpasuaji. Kovu lililo kwenye kidole changu cha shahada ni la Adjoint, mwezi wa pili wa kazi, nilipotaka kumsogeza kwa mkono kama kuku. Tumia wavu mpana, au bora zaidi chombo cha plastiki.

Umeme ukikatika, usianze na taa. Anza na hewa. Wapasuaji ni watu wa maji yanayokimbia, wanataka hewa nyingi, na tangi likitulia wanakuja juu wakifungua midomo. Kabla Patron hajanunua pampu ya betri, nilichota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu, kopo baada ya kopo, nikiimba ili nisipoteze mwendo. Siku moja akina mama wa kwaya ya jirani walinisikia wakaingia kunisaidia. Walikuja na wimbo wa taratibu sana, wa maombolezo, na nikalazimika kuwaambia kwamba kwa wimbo ule samaki watakufa. Wakabadilisha, wakapiga makofi, hewa ikaingia. Umeme uliporudi walikuwa wamefika ubeti wa arobaini na zulia lilikuwa limelowa mpaka mlangoni.

Habari kwamba kwa Patron Kalenga kuna wapasuaji wanne ilifika mbali. Asubuhi moja nilikuta mtu ameketi getini, ameshika tumbo kwa chini. Alikuwa Papa Ngoie, mvunja mawe wa Kakontwe, mwenye ngiri ya siku nyingi.

"Nakuya kuona ba chirurgien," akasema.

"Papa, bale ni samaki."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia uongo wa getini kila siku. "Maman, nitangojea zamu yangu. Sina haraka."

Nikamwingiza sebuleni aone mwenyewe. Akasimama mbele ya tangi muda mrefu. Stagiaire akaja, akamwonyesha ubavu na kile kisu cheupe. Papa Ngoie akarudi nyuma hatua mbili.

"Beko na vifaa," akasema taratibu. "Lakini mikono njo haiko."

Nilimpeleka mwenyewe hospitalini kwa Maman Marthe, akapasuliwa na watu wenye mikono, akapona. Kwa shukrani aliniletea mawe ya chokaa kutoka Kakontwe, meupe, yenye mashimo mazuri. Niliyasugua, nikayachemsha mara tatu kama mikasi, nikayapima kwenye beseni wiki mbili kabla ya kuyaweka. Jiwe la chokaa linasaidia maji yasigeuke kuwa makali, na wapasuaji wanapenda kujificha kwenye mashimo wakikasirika. Kwa hiyo shimo la mawe la Kakontwe lilikuwa na faida nyingine ambayo wenyewe hawaijui.

Jiwe jingine la nchi yetu ndilo lililoleta balaa. Lakini kwanza lazima mjue habari ya mukuba, yaani shaba, maana sisi wa Likasi tumezaliwa juu ya mukuba, tumesomeshwa na mukuba, na tunadhani shaba haiwezi kumdhuru mtu. Wapasuaji wanaugua haraka ugonjwa wa madoa meupe, kama wamenyunyiziwa semolina. Dawa yake moja ni matone ya shaba. Unamtoa samaki, unamweka kwenye beseni la peke yake lisilo na mawe, unatia matone machache, unapima kila siku kwa kipimo cha rangi, unaandika daftarini. Nilifanya hivyo mara mbili na wote walipona. Lakini ndani ya tangi kubwa, hata tone moja, hapana. Kamba na konokono waliomo wanakufa kwanza, halafu ni zamu ya wapasuaji. Nilimweleza kila mtu wa nyumba ile isipokuwa Maman Julienne, mke wa Patron, kwa sababu yeye hakuwahi kunipa nafasi ya kumweleza kitu.

Mwaka wa kumi na mbili wa kazi yangu, binti yao Nathalie alipata mchumba. Baba wa kijana alikuwa Papa Bukasa, mzee aliyemaliza miaka yake yote kwenye kiwanda cha shaba kule Shituru, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Mimi wakati huo nilikuwa Buluo kwa dada yangu, kuvuna mahindi, ruhusa ya siku tatu. Siku ya kwanza tu ya ruhusa bako, yaani wakwe, walikuja kwa mara ya kwanza, na Papa Bukasa akaleta zawadi: tembo wa malakiti, jiwe letu la kijani lenye shaba, ukubwa wa paka, amesimama juu ya sahani ya mukuba iliyofuliwa kwa nyundo. Zawadi ya bako haiwekwi kabatini, inawekwa mahali pa heshima. Maman Julienne akatazama sebule yake yote na kuona kwamba mahali pa heshima ni ndani ya maji. Akamsugua tembo kwa ndimu ili ang'ae, akamzamisha katikati, baina ya mawe ya Papa Ngoie.

Niliporudi Jumamosi asubuhi nilisimama mlangoni, nikawatazama wanapumua namna gani. Walikuwa wanahema kama watu waliopanda kilima. Wote wanne walikuwa juu, karibu na pampu, rangi zimepauka. Kamba walikuwa wamelala chali. Katikati ya tangi tembo alikuwa anang'aa, na sahani yake imeanza kuota ukungu wa kijani.

"Maman Julienne, ile tembo itoke sasa hivi."

"Haitoke leo. Bako banakuya saa sita, banaleta jibu ya ndoa. Bakikuta zawadi yabo haiko, batasema tunabadharau."

"Ba chirurgien banakufa."

"Na bukwe je? Bukwe ikikufa, weye utamuozesha Nathalie?"

Nilibadilisha maji kwa yote niliyokuwa nayo kwenye pipa, nikajaza mfuko wa makaa maalumu ya kunyonya sumu, nikaongeza pampu ya betri. Lakini kubadilisha maji na tembo yuko ndani ni kupiga deki huku mtu anamwaga uji nyuma yako. Saa sita bako wakaingia. Papa Bukasa alipoona tembo wake anaogelea na samaki, uso wake mzito ulifunguka kabisa. Akamwita mkewe aone. Patron akatabasamu. Maman Julienne akanitazama mimi, na macho yake yakasema nitoke nikalete soda.

Nilikwenda kuleta soda. Niliileta. Niliiweka mezani nikabaki pale pale, maana nilijua kwamba nikisema nimevunja ndoa, nisiposema wamekufa na kazi yangu imekufa nao. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha kitu kwenye nyumba ile tangu siku ya kwanza. Nikasema kwa sauti ya Maman Marthe, "Papa Bako, unisamehe. Tembo yenu inaua samaki."

Nathalie alifunika uso. Patron akaweka glasi chini polepole sana.

Papa Bukasa akasimama, akaenda mpaka kwenye kioo, akavaa miwani. Akatazama ile sahani.

"Ilikuwa mu maji siku ngapi?"

"Tatu, papa," nikasema.

"Maji ya chumvi?"

"Ya chumvi."

"Na balimusukula na ndimu," akasema Patron, akimtazama mkewe.

Papa Bukasa akavua koti. "Minye miaka makumi tatu nilifanya kazi ya kuyeyusha mukuba mu maji," akasema. "Nani aliweka mukuba yangu mu chumvi?" Akakunja mkono wa shati mpaka begani, akazamisha mkono. Nilipiga kelele aangalie mkia, lakini Stagiaire, hata akiwa mahututi, alikuwa na ulinzi wake. Mzee akamtoa tembo kwa mkono mmoja, na ule mkono ulikuwa unatoa damu kutoka kiganja mpaka kiwiko.

Nilimsafisha na kumfunga mimi mwenyewe, jikoni, kwa vitambaa nilivyochemsha. Alitazama kazi yangu, akauliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia ukweli wote: hospitali, kupiga deki, blauzi nyeupe, chirurgien. Patron alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Akarudi sebuleni. Jibu la ndoa liliahirishwa mpaka watakaposikia hali ya wagonjwa.

Mchana wote nilichanganya chumvi na kubadilisha maji, bila kungoja ile siku moja. Kufikia jioni Médecin Directeur alirudisha rangi, na wale wawili wakaanza tena kugombana, nikajua wamepona. Jumapili asubuhi nilimkuta Stagiaire amelala kwenye shimo la jiwe, hapumui, manjano yake bado mazuri. Sikulia. Nilikunja nguo zangu kwenye mfuko, nikaweka daftari mezani ili atakayekuja asianze na ujinga niliouanza mimi, nikatoka mpaka getini. Hapo nikakutana na Papa Bukasa, amekuja kubadilishwa kitambaa.

"Unaenda wapi na mufuko?"

Nikamweleza neno la Patron la siku ya kwanza. Akanisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaniambia nimngoje hapo hapo nisiende popote. Akaondoka na kitambaa cha jana.

Saa nane alirudi na mkewe, shangazi wanne, mikeka, sufuria kubwa na gunia la bunga, unga wa ugali. Wakaingia uani bila kubisha, wakatandika, wakaketi. Shangazi mmoja akaanza kuimba ule wimbo wa taratibu. Patron akatoka akiwa na kandambili.

"Nani anakufa?"

"Mutoto wa hapa," akasema Papa Bukasa. "Na shiye njo tulimuua. Mutu akiua, anakuya ku kilio."

Patron akanitazama, akawatazama shangazi, akatazama gunia. Huwezi kuwaacha bako wako wakilia uani peke yao. Akaketi. Maman Julienne akatoka akiwa na kitenge kiunoni, akaketi naye, na kwa mara ya kwanza akaniambia pole. Wakaniita mimi katikati ya mkeka, mahali pa mama wa marehemu. Nilianza kucheka, nikaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakitikisika, na shangazi wakadhani nalia wakaongeza sauti.

Kisha Papa Bukasa akaomba mwenye mtoto aeleze maisha ya marehemu, kama desturi. Nikasimama. Nikasema alikuja kutoka Dar ndani ya mfuko, akiwa mdogo kuliko kiganja. Nikasema alikula matembele vizuri. Nikasema hakuwahi kumgombeza mtu, na kwamba kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuja kwenye kioo nilipofungua pazia. Nililia kweli, mbele ya bako wote, kwa ajili ya samaki, na sikuona haya.

"Alikuwa na miaka ngapi?" akauliza Papa Bukasa.

"Kumi na mbili."

"Bado mutoto," akasema, akainamisha kichwa.

Tulikula ugali na maharage. Nathalie aliozwa kabla ya mvua, lakini hiyo ni habari yake mwenyewe. Mikeka ilipokunjwa, Patron alibaki ameketi, anauangalia mfuko wangu ulioegemea getini. Alikohoa.

"Maman Georgette. Bale batatu, kesho unabapatia kula saa ngapi?"

"Saa mbili, patron."

Nikachukua mfuko wangu nikaurudisha ndani, kwa sababu maji yalikuwa bado hayajapimwa.